Somo la 12: Viambishi vya Mahali M-, PA- na KU-

Tusome kwanza kifungu hiki, ambamo kikundi cha wanachuo kinasimulia siku yake ya matembezi mjini Leipzig, Ujerumani.

Kifungu

Asubuhi tulizuru Thomaskirche. Kanisani mle mna kaburi la Johann Sebastian Bach, aliyeongoza waimbaji wa hapo tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Alasiri tulikwenda Nikolaikirche, ambako tangu 1982 watu walikutana kila Jumatatu kuombea amani. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989, kanisani mlijaa watu, na uwanjani palisimama umati ukisubiri. Maombi yalipokwisha, waliokuwamo wakatoka, wakaungana na waliokuwapo nje, wakashika njia pamoja. Mitaani kukasikika sauti za watu wapatao 70,000, wasio na silaha, na risasi haikufyatuliwa. Mwezi mmoja baadaye Ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Leo uwanjani pana nguzo yenye kilele cha makuti ya mtende, iliyoigwa kutokana na nguzo zilizomo kanisani.

Uchambuzi

Nomino ikipokea kiambishi -ni huacha upatanisho wa ngeli yake na kufuata wa mahali. Twasema "kanisa lilijaa watu" au "kanisani mlijaa watu". "Kanisani lilijaa watu" si sahihi.

M- huonyesha ndani: mlijaa, waliokuwamo.
PA- huonyesha mahali mahususi: palisimama, pana.
KU- huonyesha mahali pasipo mipaka dhahiri: kukasikika.

Tumechagua kifungu hiki kwa kuwa habari yenyewe yatoka M-, yapitia PA-, yaishia KU-. Mwanafunzi atakayetumia KU- kila mahali ataeleweka, lakini msomaji wake hatajua ni nani walikuwa ndani na ni nani waliongoja nje. Na siku ile jambo kubwa lilikuwa ni wale wa ndani kutoka.

Kwa mwalimu

Wanafunzi wetu wengi hutumia nyumbani lugha zinazotanguliza "mu" na "ku" mbele ya nomino, kama Kiganda na Kinyarwanda. Tuanzie hapo, kwani maana ya ndani wanayo tayari. Hata hivyo tuwatahadharishe: "ku meza" ya Kinyarwanda ina maana ya juu ya meza, ilhali Kiswahili husema "mezani pana kitabu". Kosa la namna hii halitokani na uzembe, bali na lugha mbili kukutana. Mwalimu alieleze kabla ya kulisahihisha.

Zoezi

1. Jaza kiambishi kifaacho, kisha toa sababu:
(a) Kanisani ___liimbwa nyimbo.
(b) Mlangoni ___lisimama mlinzi.
(c) Mitaani ___lisikika vishindo vya miguu.

2. Andika aya moja kuhusu mahali pa kihistoria katika wilaya yako, ukitumia viambishi vyote vitatu.