Pima ufunguo wa wimbo mtoto akiwa mgongoni

Nilitoka Mjimwema ya Njombe kwenda kurekodi wimbo Mjimwema ya Makambako. Jina ni moja, katikati kuna kilomita kama 60 na baridi ya Julai inayopenya ndani ya Kosta hata madirisha yakifungwa. Mgongoni nilikuwa na mwanangu wa miezi minne, kwenye mkoba daftari la nyimbo, na pembeni yangu wifi, ambaye bila yeye wimbo huu usingekuwepo. Kinamama wenzangu wa kwaya wananiuliza kila Jumapili unarekodije huku unanyonyesha. Nitaeleza kwa hatua, ila kwanza niseme yaliyonikuta.

Wimbo wenyewe niliutunga wodini, usiku aliozaliwa huyu wa mwisho. Nilimwimbia prodyuza kwa simu, usiku watoto wamelala, sauti chini kabisa. Baada ya wiki akanitumia biti. Ufunguo alichagua yeye: do ni A, kwa sababu, alisema, nyimbo za injili siku hizi lazima zipae. Sikubisha, na hapo ndipo nilipokosea. Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri tangu nikiwa binti. Kiitikio changu kinapanda mpaka sol ya juu, na do ikiwa A, sol hiyo inaangukia E, mahali ambapo hata wa sauti ya kwanza huvuta pumzi kwanza.

Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa magodoro na trei za mayai. Treni ya TAZARA ikipiga honi, kazi inasimama. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri. Kiitikio, koo likabana. Tukarudia mara tatu. Mara ya nne noti niliifikia, lakini niliposikiliza nikasikia mtu anapiga kelele, na ule ni wimbo wa shukrani. Wakati huohuo mtoto akaanza kulia nje ya mlango, mikononi mwa wifi. Mama yeyote anayenyonyesha anajua kinachofuata: maziwa yalishuka yenyewe, gauni likalowa kifuani, nami nimesimama mbele ya maikrofoni.

Prodyuza akavua hedfoni. "Mama, mngojee kwanza mtoto akue, ndipo uje."

Neno hilo lilinichoma. Nina watoto watatu. Ningengoja nani akue? Rose Muhando ni mama wa watoto watatu na alianzia kufundisha kwaya ya kanisa Dodoma. Mwaka 2011 akasaini na Sony Music. Kulea hakukumziba mdomo. Nami nyimbo zangu zote nimezitunga nikiwa na mtoto kifuani au mgongoni, sijawahi kutunga nikiwa nimekaa peke yangu mezani.

Nikamwomba ashushe biti. Akaisukuma chini kwa kompyuta, gitaa likatoka kama linapigwa ndani ya pipa la maji. Gitaa lilikuwa limepigwa kwa mkono, kwa hiyo kulishusha vizuri maana yake ni kumwita mpigaji aje alipige upya, na kulipa upya. Nilikuwa nimeshalipa. Nilirudi Njombe jioni ile bila wimbo na bila hela, na mpaka leo naona haikuwa haki kumtoza mtu mara mbili kwa ufunguo ambao hakuulizwa.

Sasa hatua. Ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Kesho yake nilikuwa nafua, mtoto amelala kwenye mbeleko. Nikaimba kile kiitikio kwa A, kwa uchungu tu. Kila nilipoifikia sol alishtuka, ngumi zake ndogo zikafunguka kwenye mabega yangu. Nikashusha kidogo. Akashtuka tena, ila kidogo. Nikashusha tena na tena, mpaka nikaimba kiitikio kizima na yeye akabaki amelala, shavu limebanwa pale pale katikati ya mgongo. Nikaacha nguo kwenye beseni.

Nilichoelewa ni hiki. Noti ikiwa juu kuliko uwezo wako, kabla hata sauti haijakwaruza, mabega yanapanda, mbavu zinakaza na mgongo unakuwa mgumu kama ubao. Wewe huhisi, kwa kuwa akili yote iko kwenye maneno. Mtoto aliyelala juu ya mgongo huo anahisi papo hapo. Mwalimu wa kwaya anaweza kukupa moyo kwamba utafika. Mtoto wa miezi minne hana maneno ya kukupa moyo.

Nilirudia siku tatu. Usipime alfajiri, sauti ya kutoka usingizini ni nzito na itakudanganya ushuke mno. Usipime jioni baada ya mazoezi ya kwaya, koo limechoka. Mimi nilipima saa nne asubuhi, nimeshakunywa uji, mtoto ameshiba. Imba kwa nguvu ile ile utakayoimbia studio, maana kunong'ona ndiko kulikonitia hasarani. Ukishapata pahali anapolala, nenda kwenye kinanda cha kwaya uitafute do yako. Yangu ilikuwa F, nusutoni nne chini ya ile A. Iandike juu ya ukurasa, irekodi kwa simu, mtumie prodyuza, na umwambie gitaa lisiguswe kabla hujaukubali ufunguo.

Hatua nyingine ni nyepesi. Mnyonyeshe mtoto dakika chache kabla ya kuingia. Kunywa maji. Usajili wa BASATA na COSOTA fuatilia mapema, usingoje wimbo uanze kusikika. Maikrofoni usinunue, zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa zikiwa na jina la Shure nyingi ni bandia, na hela hiyo ni bora umpe mpiga gitaa. Kwa kurekodia mfano wa kumtumia prodyuza, Tecno yangu ya zamani ilinitosha.

Na nenda na mtu wako. Safari ya pili, gitaa limeshapigwa upya kwa F, wifi hakubaki nje. Prodyuza alisita, nikamwambia, "Kaka, huyu mtoto ndiye aliyechagua ufunguo." Nikaingia na mtoto mgongoni, wifi akakaa kwenye kigoda nyuma yangu, mkono tayari kumpokea. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Sol ilikuja bila kuitafuta, nikaweza kuyafikiria maneno, nikamkumbuka nesi aliyenishika mkono usiku ule wa kujifungua. Tulisimama mara moja tu, treni ilipopita. Mtoto aliamka mwisho wa kiitikio cha tatu na hakulia. Tulipotoka, mzee mmoja pale nje akatusalimu, "Kamwene", akamtazama mtoto, akauliza kama ndiye aliyekuwa anaimba.

Sasa mwanangu amefikisha miezi kumi na mmoja, anataka kutembea, mbeleko haitaki kabisa. Nina wimbo wa pili tayari, kiitikio chake ni kirefu kuliko cha kwanza. Jirani yangu amejifungua mwezi uliopita, nimeshamwomba aniazime wake asubuhi tatu.