Ukurasa Uliobanwa Huokoa Bando Lako

Mzazi aliyeko Kidatu anapofungua kwa simu matokeo ya Kidato cha Nne, bando lake hukatwa kwa kiasi cha data kilichopita mtandaoni, wala si kwa muda aliousoma ukurasa. Ukurasa uleule unaweza kumfikia ukiwa mzito, au ukiwa umebanwa.

Kubana data ni nini?

Katika ukurasa wa matokeo, majina ya masomo hujirudia kwa kila mtahiniwa. Programu ya kubana, kama gzip iliyotolewa mwaka 1992, huliandika neno mara moja, kisha kila linapojirudia huweka kiashiria kifupi kinachorejea lile la kwanza. Simu hurudisha maneno yote kama yalivyokuwa. Hakuna hata herufi moja inayopotea.

Tuseme ukurasa wa kilobaiti 300 umebanwa hadi kilobaiti 60. Kurasa 10 za namna hiyo zitatumia MB 0.6 badala ya MB 3. Picha na video hazipungui kiasi hicho, kwa kuwa kwa kawaida huwa zimekwisha kubanwa.

Nani anawajibika kubana?

Ni mwenye tovuti. Kivinjari chako kinapoomba ukurasa, huiarifu seva kwamba kinaweza kufungua data iliyobanwa. Seva isiyowekewa mpangilio huo hutuma ukurasa mzima, na gharama yake hukuangukia wewe.

Mambo ya kuzingatia

1. Tumia kivinjari chenye uwezo wa kupunguza data, kama Opera Mini, ambacho hubana kurasa kwenye seva zake kabla ya kukufikia. Kwa huduma za benki na mambo ya siri, tumia kivinjari cha kawaida.

2. Zuia video kujicheza zenyewe.

3. Ikiwa shule, duka au chama cha ushirika chenu kina tovuti, mtakeni fundi awashe ubanaji wa data kwenye seva. Kazi hiyo hufanyika mara moja na huwanufaisha wasomaji wote.

4. Bando likiisha isivyoeleweka, kagua matumizi ya data katika mipangilio ya simu, kisha wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma wako na utunze kumbukumbu zake. Usiporidhika na majibu, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kumbuka: fahamu kwanza data yako imetumika wapi, ndipo udai haki yako.