Tope la Chwaka: Mafunzo Niliyopata

Nilishuka Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, na ndoo, chupa na viatu vya mpira. Viatu vilibaki topeni siku ileile.

1. Tembea pekupeku. Unyayo unatambua mambo. Kutoka nje kuelekea mikandaa nilikanyaga mchanga mweupe unaokwaruza, kisha mchanga laini kama unga, mwisho tope la magoti. Maji huangusha kizito mapema na chepesi mbali. Mchanga ule haukuletwa na mto. Ni masalia ya mwani wenye chokaa, kombe na matumbawe.

2. Chupa moja inafundisha. Nilichota maji machafu nikayaacha yatulie. Punje ya mchanga mwembamba, upana wake milimita 0.1, hushuka mita 1 kwa dakika mbili hivi. Punje ndogo kuliko hiyo mara kumi huchukua karibu saa tatu. Udongo mfinyanzi ungeelea siku nyingi, ila chumvi ya bahari huugandisha ukawa vibonge, navyo huzama upesi.

3. Swali lililonisumbua zaidi: maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku, kwa nini tope halitoki nayo? Jibu nililikuta kwa Waholanzi Postma na van Straaten, walioichunguza Bahari ya Wadden miaka ya 1950. Mkondo ukilegea, punje huanza kuzama, lakini maji bado yanaisukuma ndani, ikatue mbele zaidi. Ikishatua inagandamana na wenzake, na kuinyanyua kunataka mkondo mkali kuliko ule ulioiacha. Maji yakianza kupwa, huko juu huondoka polepole. Mkondo unapopata nguvu, pale pameshakauka. Hivyo tope husogea kidogo kidogo kuelekea nchi kavu.

4. Utando wa kahawia unaoteleza juu ya tope si uchafu. Ni vijimea vinavyotoa ute wa kugandisha punje. Kaa, kwa upande wao, wanafukua kila kitu.

5. Waulize waokota kombe kwanza. Nilisimika vigingi vya kupimia tope wakati wa maji mafu. Mama mmoja akacheka: "Mwanangu, ngoja bamvua lije." Lilipokuja, viwili viling'oka, cha tatu kikafukiwa karibu chote. Maji mafu pale hupanda na kushuka kama mita 1 tu. Bamvua hupita mita 3.