Saa Ni Mapatano: Kufundisha Kanda za Saa kwa Njia ya Mchezo wa Kuigiza

Katika somo la jiografia, wanafunzi hufundishwa kwamba dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, na kwa hiyo nyuzi 15 za longitudo ni sawa na saa 1, na nyuzi 1 ni sawa na dakika 4. Kanuni hii ni sahihi, na mwanafunzi aliyeikariri hupata alama zake katika mtihani. Hata hivyo, mwanafunzi huyohuyo akipewa kazi ya kuwakutanisha watu walio Njombe, Makambako, Muscat, London na Minneapolis kwa wakati mmoja, kanuni hiyo pekee itampoteza. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha sababu ya upotevu huo, na kupendekeza somo ambalo mwalimu wa shule yoyote anaweza kulifundisha bila zana za gharama.

1. Kwa nini tutumie mchezo

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo wa namna hii kiongozi mmoja husimulia mahali na matukio. Kila mchezaji hushika nafasi ya mhusika mmoja na kueleza mhusika huyo anatenda nini. Dadu hurushwa ili kuamua kama jambo gumu limefaulu. Hadithi haimaliziki kwa siku moja, bali huendelea juma kwa juma. Siku hizi watu wengi hucheza kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa katika mji wake.

Mwalimu atatambua mara moja kwamba mchezo huu ni ndugu wa igizo dhima tulitumialo darasani. Lakini kwa somo letu una faida nyingine. Barua humngoja mpokeaji, na ujumbe wa simu husomwa wakati wowote. Mchezo haungoji. Mmoja asipofika, nafasi yake katika hadithi hubaki tupu, na wenzake hukaa saa nzima wakimtazamia. Kosa la saa, ambalo katika daftari ni alama moja iliyopotea, hapa humkosesha mtu shughuli aliyoingojea juma zima.

2. Kuanzia kwa lililo karibu

Mwalimu wa Makambako hana haja ya kuanzia Greenwich. Mji huo uko kwenye reli ya TAZARA na kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na wanafunzi wengi wamewasikia madereva wa malori wakisimulia safari zao. Basi aulize: dereva anayevuka mpaka wa Tunduma saa 4 kamili asubuhi, saa ya ng'ambo, huko Nakonde, inasema nini? Jibu ni saa 3 asubuhi, kwa kuwa Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa 1.

Swali la pili ndilo zito: je, jua limerudi nyuma? Halikurudi. Hatua chache tu zimepigwa. Kilichobadilika ni mapatano ya nchi mbili. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, hufuata saa iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 3, yaani saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Zambia hufuata saa ya nyuzi 30.

Sasa wanafunzi watazame ramani. Njombe na Makambako ziko karibu na nyuzi 34.8 mashariki. Kutoka hapo hadi nyuzi 45 ni tofauti ya nyuzi 10.2, hadi nyuzi 30 ni nyuzi 4.8 tu. Kwa jua peke yake, Njombe ingekuwa karibu zaidi na saa ya Zambia kuliko saa ya Dodoma inayoitumia. Nyuzi 10.2 zikizidishwa kwa dakika 4 ni takriban dakika 41. Kwa hiyo, kwa wastani, jua hufika juu kabisa Njombe si saa 6 kamili mchana bali mnamo saa 6 na dakika 41.

Jambo hili lithibitishwe uwanjani. Kijiti kisimamishwe wima, na urefu wa kivuli upimwe kila baada ya dakika 5 kuanzia saa 6 na robo mchana. Katikati ya Juni, siku isiyo na ukungu, ndio wakati ufaao: kivuli ni kirefu cha kutosha kupimika, na saa ya jua wakati huo hulingana kabisa na wastani wake. Siku kadhaa za Februari na Oktoba jua hupita karibu na utosi, na kivuli hukaribia kutoweka. Siku hizo hazifai kwa jaribio hili.

3. Hesabu ya longitudo na saa ya ukutani

Mwanafunzi akishaona hayo, apewe miji mitatu ya mbali. Kwanza akokotoe tofauti kutoka Njombe kwa longitudo. Kisha aonyeshwe tofauti inayotumika kweli.

Muscat, Oman (nyuzi 58.4 mashariki): hesabu hutoa saa 1 na dakika 34 mbele, saa ya ukutani iko mbele kwa saa 1.

London, Uingereza (nyuzi 0): hesabu hutoa saa 2 na dakika 19 nyuma, saa ya ukutani iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi yao, na saa 2 wakati wa kiangazi chao.

Minneapolis, Marekani (nyuzi 93.3 magharibi): hesabu hutoa saa 8 na dakika 32 nyuma, saa ya ukutani iko nyuma kwa saa 9 wakati wa baridi, na saa 8 wakati wa kiangazi.

Hakuna hata mji mmoja ambao hesabu imelingana na saa. Mwalimu asiseme kwamba kanuni ni ya uongo. Aseme kwamba kanuni hutueleza habari za jua, na saa hutueleza habari za mapatano ya watu. Mwenye kupanga kikao anahitaji kujua mapatano.

4. Saa ya Kiswahili

Hapa pana tatizo lililo letu wenyewe. Sisi huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko na saa za usiku kuanzia machweo, ilhali simu na kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ndugu aliye Minneapolis akiandika kwa Kiswahili, "Tuanze saa 3," msomaji wa Njombe hawezi kujua kama ameitaja saa ya Kiswahili au ameitafsiri tarakimu aliyoiona kwenye simu yake. Tofauti yake ni saa 6, na hiyo hupita kabisa muda wa mchezo.

Wanafunzi wajifunze kugeuza kwa njia hii: tarakimu ya simu ikiwa kati ya 7 na 18, itolewe 6; ikiwa kati ya 19 na 23, itolewe 18; ikiwa kati ya 0 na 6, iongezwe 6. Hivyo 15:00 ni saa 9 alasiri, 21:00 ni saa 3 usiku, na 0:00 ni saa 6 usiku. Neno la kipindi, yaani asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku au alfajiri, lisiachwe kamwe.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa jina la siku. Kwa desturi ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapotua. Hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Bara, wengi huelewa vingine. Ni salama zaidi kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Pia saa 3 usiku ya Ijumaa huko Minneapolis, mwezi Januari, ni saa 12 asubuhi ya Jumamosi huku Njombe.

5. Zoezi la meza tano

Zana: saa tano za kadibodi zenye mishale inayozunguka, kadi tano na ubao. Intaneti haihitajiki. Darasa ligawanywe katika makundi matano, na kila kundi liketi kwenye meza ya mji mmoja. Mchezo utachukua saa 3, siku ya Jumamosi ya mwezi Januari. Kadi ziandikwe hivi:

Njombe: lazima alale saa 4 usiku.
Makambako: yuko dukani hadi saa 10 alasiri.
Muscat: lazima amalize saa 4 usiku, kwani tangu mwaka 2013 mapumziko ya juma nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ni siku ya kazi.
London: yuko kazini hadi saa 7 mchana.
Minneapolis: hawezi kuanza kabla ya saa 1 asubuhi.

Kila kundi ligeuze mipaka yake iwe saa ya Tanzania na kuiandika ubaoni. Itaonekana kwamba mchezo hauwezi kuanza kabla ya saa 10 alasiri, wala baada ya saa 12 jioni. Wakikubaliana saa 11 jioni, kila meza itengeneze saa yake: Muscat saa 12 jioni, London saa 8 mchana, Minneapolis saa 2 asubuhi. Meza ya Muscat itakumbusha kwamba vipindi vya sala ya magharibi na ya isha viko karibu, na kiongozi wa mchezo atapanga mapumziko. Hapo wanafunzi watakuwa wanajifunza pia kwamba kupanga saa ni kumjali mwenzako.

Baada ya hapo mwalimu atangaze: "Sasa ni Julai." Meza za London na Minneapolis zisogeze mishale mbele kwa saa 1, Njombe, Makambako na Muscat zibaki vilevile, maana nchi zao hazibadili saa. Uingereza hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna majuma mawili au matatu mwezi Machi, na juma moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo Marekani imo katika saa ya kiangazi na Uingereza haimo. Ratiba ya kikundi huweza kuvurugika katika majuma hayo. Kwa kuwa saa ya Tanzania haibadiliki mwaka mzima, inafaa kuwa nguzo ya ratiba, na wengine wageuze kutoka kwake.

6. Kutathmini somo

Mwanafunzi asipimwe kwa kukokotoa peke yake. Aandike tangazo la mchezo kwa maneno yasiyozidi 40, ambalo kila mchezaji atalielewa bila kuuliza. Tangazo lililokamilika litakuwa na mambo manne: siku, saa pamoja na kipindi chake, jina la mahali ambapo saa hiyo inatumika, na tarakimu ya simu. Kwa mfano: "Jumamosi, saa 11 jioni kwa saa ya Tanzania, yaani 17:00." Tangazo hilo apewe mwanafunzi wa meza nyingine, naye atengeneze saa yake ya kadibodi. Akikosea, mwandishi na msomaji watafute pamoja ni neno gani lililokosekana.

Twawaomba walimu wenzetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha walijaribu somo hili katika vipindi viwili vinavyofuatana, kimoja uwanjani kwa kijiti na kivuli, na kingine darasani kwa meza tano. Kanuni ya nyuzi 15 ibaki ubaoni muda wote, na kando yake liandikwe swali ambalo mwanafunzi hana budi kulijibu kila atajapo saa: saa ya wapi?