Ramani ya Maziwa: Kutoka Zizini hadi Mtambo wa Kupoza

Mfugaji wa Cheptiret hukamua alfajiri, lakini maziwa yake yanaweza kukataliwa kituoni asubuhi hiyo hiyo kwa kuwa yameanza kuchachuka. Huenda ng'ombe ni mzima na mtungi ni safi. Tatizo ni muda ambao maziwa yamekaa tu yakisubiri.

Muda huo hugunduliwa kwa kuchora ramani ya mtiririko wa kazi. Mbinu hii ilitokana na kampuni ya magari ya Toyota, Japani. Mwaka 1998, Mike Rother na John Shook waliieleza kitabuni. Leo hutumiwa viwandani, hospitalini na hata na watengenezaji wa programu za kompyuta.

Tuchukue mfano wa mtungi mmoja:

- Kukamua na kuchuja: dakika 30
- Kumsubiri mwenye boda boda barabarani: dakika 60
- Safari: dakika 30
- Foleni kituoni: dakika 45
- Kupimwa na kumiminwa: dakika 5

Jumla ni dakika 170. Kazi yenyewe ni dakika 65. Dakika 105 zilizobaki ni kusubiri. Wakati huo wote maziwa yana joto, na vijidudu vinazidi kuongezeka hadi maziwa yapozwe kufikia nyuzi 4 za Selsiasi.

Ramani hii huwaepusha wanachama na gharama isiyo na faida. Kikundi kinaweza kununua programu ya kurekodi kilo kwa haraka, lakini hapa upimaji huchukua dakika 5 tu. Pesa zitatumika, na mtungi utaendelea kuchomwa na jua barabarani. Katika mfano huu, dawa ni kukubaliana saa kamili ya kuchukua maziwa na kupanga zamu za kufika kituoni.

Jinsi ya kuanza:

1. Chagueni mtu mmoja aufuate mtungi kwa miguu na saa mkononi, siku tatu mfululizo. Asikadirie akiwa ameketi.
2. Aandike kila hatua, kazi kando na kusubiri kando.
3. Wafugaji, msafirishaji na mhudumu wa kituo waisome ramani pamoja.
4. Punguzeni kwanza kusubiri kulikorefu zaidi, kisha mpime upya.

Lengo si kumtafuta wa kulaumiwa. Ni maziwa yafike yakiwa mazuri, na mfugaji alipwe kwa kila lita aliyokamua.