Tandiko Lipi Linafaa Mgongo Mfupi na Mpana?

Swali: Farasi wa Kiarabu mwenye mgongo mfupi na mpana afungwe tandiko la namna gani?

Jibu: Kinachochunguzwa kwanza ni kiunzi, yaani umbo gumu la mbao au plastiki lililo ndani ya tandiko, kwa kuwa kiunzi chembamba hubana misuli iliyo nyuma ya mabega, ilhali kilicho kipana mno hushuka na kukandamiza kilele cha mabega, pale shingo inapoungana na mgongo. Tandiko lisivuke ubavu wa mwisho, kwani nyuma yake uti wa mgongo hauna mbavu za kuutegemeza. Na kwa vile baadhi ya farasi wa Kiarabu wana jozi 17 za mbavu badala ya 18, tandiko refu huwaumiza upesi. Baada ya safari jasho litazamwe: doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa mara nyingi ni dalili ya mgandamizo mkali, na nywele nyeupe zilizoota hapo huonyesha jeraha la zamani. Kuongeza blanketi chini ya tandiko linalobana ni kosa kubwa, maana huzidisha kubana. Mwenye farasi na aupime mgongo huo upya kila mnyama anaponenepa au kukonda.