Mlango wa Kalsiamu na Dawa Yako ya Presha

Wengi wakiambiwa wana presha huwaza moyo tu. Lakini sehemu kubwa ya shinikizo la damu huamuliwa na ateri ndogo, nyingi zikiwa nyembamba kuliko unywele. Kuta zake zina misuli. Misuli ikikaza, njia husinyaa. Upana ukipungua kufikia nusu, ugumu wa kupitisha damu huongezeka mara 16. Ndipo presha inapopanda.

Kinachoikaza misuli hiyo ni kalsiamu. Kila seli ya msuli imefunikwa na utando, na nje ya utando huo kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa takriban mara 10,000. Utandoni mna milango midogo ya protini. Ikifunguka, kalsiamu huingia na seli hujikunja. Kisha pampu huitoa, na seli hulegea.

Dawa za presha amlodipini na nifedipini hufanya kazi kwenye milango hiyo, kwa kuzuia kalsiamu kupita. Tafadhali lizingatie hili: dawa huishusha presha ikiwa imo mwilini, haiuondoi ugonjwa. Mgonjwa akipimwa akakutwa chini ya 140/90, maana yake dawa inafanya kazi, si kwamba amepona. Akiiacha kwa sababu kichwa hakimuumi, amlodipini hutoka mwilini polepole kwa siku kadhaa, misuli hukaza tena, na presha hupanda kimyakimya, pengine hadi siku ya kiharusi. Tunaumia kuona hili likitokea kwa watu ambao dawa ilikuwa ikiwafaa.

Amlodipini huchukua wiki moja au zaidi kufikia nguvu yake kamili, kwa hiyo usiongeze kidonge siku ya tatu. Miguu ikivimba kwenye vifundo, usiitupe dawa. Rudi kliniki, kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Chakula nacho hufika kwenye utando. Potasiamu ya maharagwe, mchicha, ndizi na viazi vitamu husaidia milango ya kalsiamu ibaki imefungwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi, mkate na dagaa wa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kabla ya kuongeza vyakula vya potasiamu au kununua chumvi mbadala, kwani potasiamu ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.